Sahihi ya Jumamosi

Ofisa wa mpakani aliishika pasipoti ya fundi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake.

"Mnakwenda kufanya nini huko?"

"Kutembea tu, mkubwa. Kuna marafiki niliosoma nao chuo."

"Siku ngapi?"

"Leo Ijumaa, Jumapili tunarudi."

"Na kazi? Hutafanya kazi yoyote?"

"Kazi nimeiacha nyumbani. Huku nakuja kula."

Ofisa hakuwa mtu wa mzaha. Aligonga mhuri, kisha akaandika chini yake kwa kalamu nyekundu: Matembezi. Kazi hairuhusiwi. Mke wa fundi, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote zaidi ya ule wa kiwanja cha jirani, aliyasoma maneno hayo mara mbili. Walipokwisha kukaa ndani ya basi akamnong'oneza mumewe, "Ina maana hata vyombo siruhusiwi kuosha?" Wakacheka mpaka abiria wa mbele akageuka. Watoto walikuwa wameachwa kwa bibi yao, na hii ilikuwa safari ya kwanza ya wao wawili tangu waoane. Mwanamke alikuwa amevaa viatu vipya vilivyombana vidole tangu alfajiri, ila angekufa kabla ya kukiri.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti katika hospitali kubwa ya mji wao. Kwa miaka kumi na tisa alizitia grisi na kuzibadilishia vitufe, na miezi mitatu iliyopita, baada ya kufeli mtihani mara mbili, alipata leseni ya ukaguzi inayokubalika katika nchi zote mbili. Mkewe naye alifanya kazi hospitali hiyohiyo, chumba cha kufulia, na kutwa nzima alisukuma toroli la mashuka akipanda na kushuka kwa lifti za mumewe. Leseni ilipotoka, yeye ndiye aliyeitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi. Fundi alimwambia amezidisha. Lakini hakuishusha.

Kituoni walipokewa na Waziri. Huyu hakuwa waziri wa kitu chochote. Jina alipewa chuoni kwa kuwa aliahidi kila mtu kila kitu. Sasa alikuwa msimamizi wa mitambo katika jengo la ghorofa tisa, na nyumba ya kuishi alipewa na kazi hiyo, huko juu kabisa. Pamoja naye alikuwepo rafiki wao wa tatu, ambaye chuoni walimwita Kimya, na ambaye alikuwa amewasili asubuhi kutoka mji mwingine.

"Rula!" Waziri akapiga kelele katikati ya watu. "Rula wangu! Shemeji, unajua kwa nini huyu bwana tulimwita Rula? Alikuwa anapima hata mkate kabla hatujagawana!"

"Hata sasa anapima," mke wa fundi akasema. "Pazia likining'inia upande, halali."

Walicheka njia nzima. Kimya peke yake alitabasamu kidogo na kumtazama fundi muda mrefu, kama mtu mwenye neno ambaye hajapata pa kulitua.

*

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mke wa Waziri alimchukua mgeni wake kwenda kumwonyesha maduka. Kimya alikuwa barazani akivuta sigara. Mezani zilibaki sahani, mifupa ya kuku, na wanaume wawili walioshiba. Waziri akainuka, akaingia chumbani, akarudi na karatasi moja ngumu yenye nembo, akaiweka mbele ya fundi pale pale palipomwagika mchuzi kidogo, akapangusa kwa kiganja.

"Nisainie hapo chini, ndugu yangu, tuendelee na chai."

Fundi aliisoma. Ilikuwa hati ya ukaguzi wa lifti wa mwaka. Kamba za chuma: vema. Breki: vema. Kifaa cha kuzuia kuporomoka: vema. Vijisanduku vyote kumi na vinne vilikuwa vimekwisha kutiwa alama kwa wino wa bluu. Palibaki pa jina, namba ya leseni na sahihi.

"Hii ni ya lifti ipi?"

"Ya hapahapa. Anayeitengeneza haruhusiwi kuisainia hati ya mwaka, unajua sheria. Lazima mtu wa nje. Na Jumatatu watu wa bima wanakuja kuiona hati, si lifti. Hati tu."

"Mimi sijaiona, Waziri."

"Hujaiona? Jana ulifikaje ghorofa ya tisa, kwa mabawa?"

Fundi akacheka, maana ilichekesha. Kisha akasema, "Tupande basi chumba cha mashine, nusu saa. Niangalie kamba."

"Funguo anazo mlinzi, na mlinzi leo kapumzika. Rula, nitazame. Mimi nashika lifti hii kila siku. Ningewapandisha wanangu kitu kibovu?"

Kisha akashusha sauti. Hakulitaja jambo lenyewe. Alisema tu, "Mwaka ule wa mama yako," na hakuhitaji kuongeza.

Mwaka ule mama yake fundi alilazwa, na fundi alitoweka chuoni wiki tatu. Aliporudi hakufukuzwa, wala hakuulizwa, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio kila asubuhi. Waziri alimsainia. Huo ndio ulikuwa mtindo wao: aliyelala, aliyeumwa, aliyekwenda kwa mchumba, mwenzake alimsainia, hata mazoezi ya karakana walisainiana bila kushika bisibisi. Waliuita deni la mkono. Walimu hawakugundua, au walichoka kugundua, na vijana wale wakakua wakiamini kwamba kumsainia rafiki ni jambo dogo, kama kumpokea mzigo mlangoni.

Fundi alizungusha kalamu. Moyoni kitu kilimkataza, kikamkataza kwa sauti inayosikika kabisa. Lakini alikuwa amekula kuku wa mtu, amelala kitandani mwa mtu, na mama yake alikufa akijua mwanawe atakuwa fundi kwa sababu ya mtu huyohuyo. Ukishakula kwa mtu, kumwambia hapana kunahitaji ujasiri ambao wengi wetu hatukujaliwa. Akasaini.

Waziri alimpiga bega. "Ndiyo maana nakupenda. Leo nina mkaguzi wa kimataifa mezani kwangu!"

Mlango wa baraza ulikuwa wazi. Kimya aliizima sigara yake, akaingia, akaiona kalamu mkononi mwa fundi, akatoka tena.

*

Jioni waliteremka wote kwenda kupunga upepo. Ndani ya lifti, kando ya vitufe, palikuwa na fremu ya kioo, na ndani ya fremu ile karatasi. Mke wa fundi ndiye aliyeiona kwanza.

"Hee! Si jina lako hili?" Akaisogelea, akasoma namba ya leseni kwa sauti, namba aliyoijua kwa moyo kuliko mwenye nayo. "Kumbe nilipokuwa madukani wewe ulipanda kukagua? Hukuniambia!"

"Mm," fundi akasema.

"Mm nini? Umeikagua leo?"

"Nimeikagua."

Alilisema akitazama viatu vyake. Mke wa Waziri akapiga makofi madogo. Mke wa fundi akamwambia mwenzake, kwa ile sauti ya mtu anayejisifu huku akijifanya analalamika, "Mume wangu huyu ana kero, dada. Hatii sahihi kitu asichokigusa. Hata fomu za shule za watoto huzisoma mpaka mwisho, mwalimu anasubiri mlangoni."

Lifti ikafika chini. Ikasimama, mlango ukafunguka, na hapo fundi alihisi kitu ambacho wengine hawakukihisi. Sakafu ya lifti haikutulia. Ilikuwa imekwisha kusimama, breki imekwisha kulia, lakini bado ikateleza chini polepole, upana wa vidole vinne, kabla ya kugota. Watu walitoka wakishika ukingo kidogo, wakiendelea kuongea. Fundi alibaki ndani.

"Njoo basi, mkaguzi!" Waziri akaita.

Akatoka. Vidole vinne. Huko hospitalini lifti ikiteleza kidole kimoja aliifunga na kuweka kibao. Kwenye matembezi yale hakusikia neno. Aliitikia ndiyo penye hapana. Mara mbili alimvuta Waziri kando, na mara mbili Waziri alimwambia, "Kesho, Rula. Usiwaharibie wanawake jioni yao." Waliporudi, fundi alisema miguu imekaa sana anataka kupanda ngazi, na akambembeleza mkewe wapande pamoja. Ghorofa tisa, na vile viatu! Mkewe alimwangalia kama aliyepandwa na homa, akaingia kwenye lifti na wenzake. Fundi alipanda mbio, ghorofa kwa ghorofa, akiisikiliza ikinguruma ndani ya ukuta, na alipofika juu na kumkuta mkewe amesimama mzima kabisa, alishindwa kuongea kwa kuhema.

"Uzee huo," mkewe akasema.

*

Jumapili basi lao lilikuwa la saa nane mchana. Fundi aliamka saa mbili asubuhi, akakuta upande wa pili wa kitanda hauna mtu.

"Wamekwenda sokoni," Kimya alimwambia jikoni. Alikuwa amekaa peke yake na kikombe cha chai iliyopoa. "Shemeji anataka kuwapelekea watoto zawadi."

"Wamepita ngazi?"

Kimya alikisogeza kikombe kando. Alisema, "Niliombwa mimi kwanza. Mwezi uliopita, kwa simu."

"Ukasemaje?"

"Nikamdanganya leseni yangu imekwisha muda."

"Haijaisha?"

"Bado miaka miwili."

Fundi alivuta kiti lakini hakukaa. "Na jana uliniona na kalamu. Hukuniambia!"

"Nilidhani Rula hatasaini bila kupima," Kimya akasema, na macho yake yakajaa aibu. "Nilikutegemea wewe ukatae, ili nisikatae mimi mbele yake."

Hawakugombana, hapakuwa na nafasi. Mlinzi alikuwa amerudi kazini, na hakuwa mbishi: alipoambiwa huyu ndiye aliyesaini ile hati kwenye fremu, alimpa fundi funguo kwa mikono miwili. Walipanda ngazi ya chuma mpaka chumba cha mashine juu ya paa. Fundi alikuwa wa kwanza kuingia, na aliponusa tu alijua.

Chini ya gurudumu kubwa, sakafu ilikuwa imetapakaa unga mwekundu kama pilipili iliyosagwa. Huo ni unga wa kamba za chuma zinazojila ndani kwa ndani. Kamba zilitakiwa kuwa nne. Tatu zilikuwa zikifanya kazi, zimechomozachomoza nyuzi kama ufagio wa zamani. Ya nne ilikuwa imekatika, na mtu mwenye mkono mzuri wa kazi alikuwa ameikunja na kuifunga pembeni kwa waya ili isipigepige. Waya mwingine ulifunga kile kifaa cha kuzuia kuporomoka, kisishike tena. Breki ilikuwa inang'aa kwa mafuta.

"Mungu wangu," Kimya akasema.

Fundi aliona vijisanduku kumi na vinne, na wino wa bluu.

Ndipo mashine ikaamka. Mtu huko chini alikuwa amebonyeza kitufe. Gurudumu likaanza kuzunguka, na zile kamba tatu zikapita juu yake zikitupa cheche ndogo za kutu. Gurudumu lilikwenda kasi kidogo kuliko kamba, maana kamba zilikuwa zikiteleza. Kwa kuteleza kule fundi alijua kwamba waliopanda ni wengi.

"Zima!" Kimya akasema.

"Nikizima, breki ndiyo itakayowashika. Ile unayoiona."

"Na usipozima?"

Fundi alichungulia alama nyeupe zilizopakwa kwenye kamba, kila ghorofa alama yake. Ya tano ikapita. Ya sita. Alisali, ingawa hakuwa mtu wa sala sana, kwamba ifike tu, ifike ya tisa na mlango ufunguke, na mkewe asiwemo. Baina ya ya saba na ya nane uzi wa kamba ya katikati ulipasuka kwa mlio wa bunduki ndogo, kisha mwingine, na kamba ikaanza kujifungua mbele ya macho yao.

Akavuta swichi kuu.

Breki ikalia, ikashika, ikateleza. Gurudumu likaanza kurudi kinyumenyume, polepole, kana kwamba lina siku nzima. Kutoka kwenye shimo la lifti ikapanda sauti ya watu wakipiga kelele. Fundi alinyakua bomba la chuma lililoegemea ukutani, akalisokomeza kati ya mikono ya gurudumu, akalilalia kwa kifua chake chote. Bomba likapinda, likakwama kwenye boriti. Gurudumu likasimama.

"Kaa hapa," akamwambia Kimya, sauti haikuwa yake. "Bomba likisogea hata unywele, piga kelele."

*

Mlango wa nje wa ghorofa ya nane ulifunguliwa kwa funguo zilezile za mlinzi. Lifti ilikuwa imesimama chini ya usawa. Sakafu yake ilikuwa mita nzima chini ya sakafu ya ukumbi, kwa hiyo pale juu palibaki mwanya wa kupitisha mtu akivutwa. Lakini mlango wa ndani ulikuwa bado umefungwa, na taa za ndani zilikuwa zimezimika. Majirani walikuwa wamejaa ukumbini. Waziri alifika akiwa na vesti na taulo begani, uso umempauka.

"Nyamazeni!" fundi akasema, akaweka sikio kwenye bati.

Ndani mtoto mchanga alikuwa analia. Mwanamke mzee alikuwa akisema anakufa, anakufa. Na juu ya sauti hizo akaisikia sauti anayoijua, ile ambayo huko nyumbani ilimwamsha kila asubuhi, sasa ikitetemeka kidogo lakini imejikaza.

"Bibi, nishike mkono. Hufi. Nisikilize mimi. Lifti hii ameikagua mume wangu jana, jana tu, karatasi yake hii hapa. Ningekuwa na taa ningekusomea. Mume wangu hasaini kitu asichokigusa. Kama angeona ina hatari angeifunga, hata kama ni ya mfalme. Imekwama tu. Hizi hukwama. Hapo alipo anakuja."

Fundi aliposikia hayo akapiga goti. Majirani walidhani anatafuta pa kupenyeza bisibisi aliyoshuka nayo kutoka chumba cha mashine. Aliipenyeza kweli, baada ya kuidondosha mara mbili, na mlango wa ndani ukasogea.

Nyuso sita zikamtazama kutoka gizani. Mkewe akasema, "Si niliwaambia?"

Walianza na mtoto mchanga, kisha mama yake. Kila mtu alipokuwa amelala tumbo kwenye ule ukingo, nusu nje nusu ndani, fundi aliacha kupumua, maana alijua ambacho wao hawakukijua: lifti ikishuka sasa, ukingo ule ni kisu. Mwanamume mmoja mnene alipovutwa, lifti ilitikisika, na kutoka paani sauti ya Kimya ikaja kupitia shimo, "Rula! Haraka!" Akatoka yule bwana. Akatoka mke wa Waziri, ameacha kiatu. Walibaki yule bibi na mke wa fundi.

"Toka wewe sasa," fundi akamwambia mkewe.

"Bibi kwanza."

"Mama watoto, nakuomba. Toka."

"Bibi kwanza! Una nini wewe? Si umesema ni salama?"

Bibi alikuwa mzito na miguu yake haikumtii. Mke wa fundi alimsukuma kutoka chini kwa bega, kama alivyozoea kusukuma toroli la mashuka yaliyolowa, na wanaume wawili wakamvuta. Ndipo na yeye akanyoosha mikono. Fundi aliikamata, akamvuta kwa nguvu hata kitambaa cha gauni kikachanika kwenye ukingo, na wakaanguka wote wawili ukumbini. Dakika chache baadaye, wakati watu bado wanakumbatiana, sauti ilitoka juu, ya chuma juu ya chuma, kamba zilizobaki zikakatika, na lifti tupu ikaondoka. Haikuanguka kwa kishindo kimoja kama watu wanavyofikiri. Ilishuka ikilia ghorofa kwa ghorofa, na mwisho jengo zima likatikisika.

*

Kimya alishuka mzima, mikono imemchubuka. Hapo ukumbini hapakuwa na mtu asiyemshukuru fundi. Mwanamume mnene alimshika mkono asitake kuuachia. Bibi aliketishwa kwenye kiti kilicholetwa na jirani, akamwita fundi karibu, akamwekea kiganja kichwani na kumbariki yeye na kizazi chake. Fundi alisimama akibarikiwa, na kila neno lilimchoma kama maji ya moto.

Msimamizi wa jengo, aliyewakilisha mwenye mali, alifika na daftari. Polisi walikuwa njiani. Waziri alimvuta fundi pembeni, kwenye kona ya ngazi.

"Sikiliza. Ulikagua jana, ilikuwa nzima. Imekatika leo. Chuma ni chuma. Hakuna atakayebisha."

"Kamba ya nne umeifunga wewe kwa waya."

"Kamba mpya nimeziomba miaka miwili! Tajiri kila mwezi anasema mwezi ujao. Ningefanyaje, niifunge lifti anifukuze, niwapeleke wapi watoto?" Macho ya Waziri yalikuwa yamejaa machozi ya kweli. "Na wewe je? Umefanya kazi na mhuri wa matembezi. Ukisema hukukagua, utalala ndani nchi ya watu. Leseni utaiaga. Rula, sema moja tu. Nisainie mara moja tu zaidi."

Fundi aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, gauni limechanika, ameshika vile viatu vipya mkononi. Hakujua amesimama pale tangu lini.

"Jana ilikuwa nzima, sivyo?" mkewe akauliza. Alikuwa akimpa njia. Aliisogeza karibu yake kabisa, kama mtu anayemsogezea mgonjwa kikombe. "Ulipoikagua."

Msimamizi alikuwa amefika, kalamu tayari. Mwanamume mnene naye, na mama wa mtoto mchanga. Wote walimngoja.

"Sikuikagua," fundi akasema. "Andika. Sikupanda juu. Nilisaini mezani."

Msimamizi aliandika. Hapakuwa na kelele. Mama yule alimhamisha mtoto wake bega la pili, mbali na fundi, na hilo tu lilimtosha. Mwanamume mnene aliufuta mkono wake kwenye suruali. Waziri aliketi kwenye ngazi akajifunika uso kwa taulo.

Fundi akatoa pasipoti yake mfukoni bila kuombwa, akaiweka juu ya daftari. Kisha naye akaketi, chini kidogo ya Waziri, kuwasubiri polisi. Mkewe alikaa ngazi ya juu yao, si karibu naye, si mbali sana. Kwa muda mrefu alijishughulisha kuvaa viatu, akafunga kimoja, akakifungua, akakifunga tena.

"Na zile za kule kazini?" akauliza mwishowe.

"Zipi?"

"Za hospitali. Ninazopanda."

"Zile nazikagua," fundi akasema haraka. "Zote. Kila mwezi napanda mwenyewe. Haki ya Mungu, mama watoto."

Mkewe alimtazama usoni. Alimtazama vile alivyowatazama wauzaji wa sokoni asubuhi ile alipokuwa akiuliza bei, kama mtu asiyemjua, mwenye maneno mazuri, ambaye huenda anasema kweli.

"Kesho kutwa nina zamu," akasema. "Nitapita ngazi."